UZI: Huyo kochi wa kwenye simu, mwili wake umetoka kwenye programu anayokuuzia?

Chuma_Katwe

Ndugu zangu salaam. Kila wiki humu kuna mtu anauliza "kochi fulani wa TikTok ni wa kweli au ni mufere", tunajibizana komenti tatu nne alafu uzi unazama, wiki inayofuata mwingine anauliza kochi mwingine. Leo tuongee yote mara moja maana tunawajadili mmoja mmoja wakati ugonjwa wao ni uleule.

Mimi naendesha jimu ya mtaani huku Katwe, Kampala, zile zetu za mabati, vyuma vingine tulinunua na vingine ni simenti tumemwaga kwenye makopo ya rangi tukapitisha bomba katikati. Vijana wanakuja na simu mkononi. Hasemi kochi nifundishe, anasema kochi nielekeze hii, alafu anafungua faili alilonunua kwa mobile money. Nasoma. Jumatatu mashine ya kebo, Jumatano mashine ya kusukuma kwa miguu, asubuhi ale samaki wa salmoni na oti na parachichi nusu. Kwenye orodha hiyo yote kitu tulicho nacho Katwe ni parachichi. Na huyo kijana anabeba mizigo soko la Owino, katoa shilingi 120,000, hela ya mayai ya miezi.

Sasa sikilizeni. Watu wanamwangalia guru, wanaona kifua, wanaona tumbo lina vipande sita, wanasema huyu anajua. Mimi nasema mwili wa guru sio ushahidi wa programu yake. Angalia kipi kilianza. Mtu ana mwili kwa miaka kumi, labda alicheza ngumi tangu shule, labda alikuwa anafyatua matofali kwa mjomba wake, labda ukoo wao wote wako hivyo hata babu yake mabega yake hayapiti mlangoni, labda anajidunga madawa ya kukuza misuli. Siku moja anafungua akaunti, wafuasi wanafika elfu 50, ndio anaanza kufikiria nitawauzia nini hawa. Programu kaandika juzi. Mwili ni wa miaka kumi. Kwa hiyo ile programu haijamjenga mtu yeyote bado, hata yeye mwenyewe haikumjenga!

Ushahidi wa programu ungekuwa watu wa kawaida walioifanya, WOTE, pamoja na walioacha wiki ya pili na walioumia mgongo. Yeye anakuonyesha picha sita. Sita kati ya wangapi? Chukua watu elfu moja waambie watembee kila siku kutoka Katwe mpaka Najjanankumbi na kurudi, hakuna kingine, baada ya miezi mitatu nitakutafutia sita wa kupiga picha na utashangaa.

Alafu hizi za "kilo 3 kwa wiki moja". Inawezekana, sikatai, ila sio mafuta. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika maji kama gramu 3. Ukiacha posho (ugali) na matoke na chapati ghafla akiba inaisha, maji yanatoka, mzani unashuka, unafurahi, unamtumia kochi picha ya mzani naye anaiweka kwenye ukurasa wake. Ukila harusi ya Jumamosi maji yote yanarudi. Mafuta kilo moja ni kama kalori 7,700, ukitaka kuchoma kilo 3 kwa siku saba unatakiwa upungukiwe kalori 3,300 kila siku, na wanaume wengi hapa hawali hata hizo 3,300 kwa siku. Yaani usile kabisa na bado uwe na deni.

Mfano mkubwa mnaujua, yule Mmarekani aliyejiita Liver King, Brian Johnson, alikuwa anakula maini mabichi mbele ya kamera, ati mwili wake umetoka kwenye maisha ya mababu, na huku anauza vidonge vya maini makavu. Mwishoni mwa 2022 barua pepe zake zikavuja, zikaonyesha anatumia zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi kwenye madawa ya kukuza mwili, na mwezi wa 12 akatoka mwenyewe kwenye video akakiri steroidi. Watu walikuwa wameshanunua. Ini la ng'ombe sio baya, tunakaanga na vitunguu kila siku, lakini lile tumbo halikutoka kwenye ini.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hizi programu zimeandikwa kwa mtu mwingine kabisa. 2018 watafiti wa shirika la afya duniani walitoa hesabu kwenye jarida la Lancet Global Health, nchi 168, wakaangalia nani hatikisi mwili vya kutosha. Kuwait 67%, Marekani 40%, Uganda 5.5%, sisi ndio tulikuwa wa kwanza duniani kwa kutembeza mwili. Mtu wa California anakaa garini, anakaa ofisini, anakaa kwenye sofa, ndio kaandikiwa "anza na hatua elfu kumi". Alafu unamuuzia hiyo mama anayepandisha madumu ya maji Kamwokya!

Karibuni. Matusi hapana.

Stage_Wandegeya

Kochi umeongea lakini hiyo 5.5 usinitie mimi. Hiyo ni ya watu wa kijijini wenye majembe. Mimi nakaa juu ya boda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nakula rolex mbili (chapati na mayai), soda, usiku kikomando (chapati na maharage), kitambi hiki hapa kinagusa tanki la mafuta. Sisi wa mjini tunahitaji programu, usituambie tuko sawa.

Swali langu lingine, mtu unamjuaje kwamba anadunga? maana kila mmoja anaandika "natural" kwenye ukurasa wake.

Chuma_Katwe

Stage hapo umeniweka sawa, hesabu ni ya nchi nzima na wengi ni wakulima. Mtu wa boda, mtu wa benki, mtu wa duka la simu, hao wanahitaji mazoezi kweli. Ninachokataa ni kununua ya California.

Kumjua kwa macho huwezi, anayesema anaweza kwa kuangalia picha tu naye anabahatisha. Wapo wanaotumia na wanaonekana wa kawaida, na wapo watu wa asili ambao Mungu aliwapendelea tu. Mimi naangalia vitu viwili. Kama amekauka mwaka mzima, mishipa nje Januari mpaka Desemba na bado misuli inaongezeka, naanza kuuliza, kwa sababu mwili wa kawaida ukikauka hivyo unachoka na nguvu zinashuka. Na kama anauza kitu kwa kusema hakutumia, basi mzigo wa kuthibitisha ni wake, sio wako.

Nesi_wa_Zamu

Nachangia upande wa hospitali maana nyinyi mnaongea misuli, sisi tunapokea kinachofuata.

Wanaume kwanza. Ukiingiza testosteroni kutoka nje mwili unaona iko ya kutosha unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, mtu anaoa mwaka unapita mimba hakuna, mke anasumbuliwa na mashemeji wakati tatizo liko kwenye sindano ya bwana. Moyo unaweza kuwa mnene, presha inapanda. Na akiacha ghafla ndio anakuja kulia hana nguvu hana hamu ya kitu chochote.

Wanawake ni dexa. Dada zetu hawataki kupungua, wanataka hipsi, na kuna makochi wa "ongeza umbo kwa mwezi mmoja" wanatuma vidonge ndani ya karatasi bila jina. Ukiangalia ni deksamethasoni, ndiyo dexa, au sipriheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa, au vyote viwili. Dexa ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari, lakini ukiila kama pipi uso unavimba unakuwa duara, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, na ukiacha ghafla unaweza kuzimia maana tezi zako zimeshazoea kulala. Hizo ndizo hipsi anazokuuzia. Mnaokunywa tayari msiache leo usiku kwa sababu mmenisoma, nendeni hospitali mpunguziwe taratibu.

Na la mwisho, "changamoto ya skwati 500". Mtu hajafanya mazoezi tangu sekondari anapiga 500, kesho yake hawezi kukunja mguu, mkojo unatoka rangi ya Coca-Cola. Hiyo sio maumivu ya kawaida, misuli imevunjika na taka zake zinaingia kwenye figo. Usikae nyumbani unywe maji ya ndimu ati kochi kasema ni sumu inatoka. Kimbia hospitali.

Stage_Wandegeya

Yesu. Mke wangu ana hivyo vidonge vya kwenye karatasi.

Nesi_wa_Zamu

Ssebo chukua kimoja nenda nacho kituo cha afya au kwa mfamasia anayejulikana, akiangalie. Usimgombeze, mwambie twende wote.

MamaWaMapacha

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Sio wote waongo. Nilijifungua mapacha, tumbo likabaki kama nina miezi mitano, misuli ya katikati ilikuwa imeachana, vidole vitatu vinaingia. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali) alinionyesha mazoezi ya kuanzia, ya kupumua na kukaza taratibu, lakini kumfuata kila wiki nauli na watoto wawili nani anaweza? Nikatafuta YouTube nikapata dada mmoja fizio wa kweli, anafundisha bure, hauzi chochote, anasema kabisa ukiona tumbo linatoka kama mlima katikati acha hilo zoezi. Nikamfuata yeye. Imenisaidia. Kwa hiyo mkisema "makochi wa kwenye simu" msitutupie wote kwenye shimo moja.

Walionikera ni wa chai. Nilinunuliwa na wifi yangu chai ya kupunguza tumbo, ile nilikunywa nikahamia chooni. Nesi hiyo ni nini?

Nesi_wa_Zamu

Nyabo nyingi ni sena, majani ya kuharisha. Tumbo linakuwa bapa kwa sababu halina kitu ndani. Mafuta yako palepale. Na ukiizoea choo kinakataa bila chai, unapoteza maji na chumvi za mwili. Kama unanyonyesha ndio usiguse bila kuuliza.

Na msidhani ni vya vichochoroni tu. 2009 Marekani dawa ya kupunguza uzito iliyokuwa inauzwa kila duka, Hydroxycut, mamlaka yao ya dawa iliwaonya watu waache baada ya kupata taarifa 23 za ini kuharibika na mmoja kufa, kampuni ikaziondoa sokoni. Kopo zuri, lebo nzuri.

Chuma_Katwe

MamaWaMapacha asante sana, na nakubali. Tofauti ya huyo dada wako ni kwamba anakuambia lini uache. Guru wa kuuza hana "acha", ana "usikate tamaa".

Na kuhusu tumbo tu, kwa sababu najua swali linakuja, hakuna zoezi la kuchoma mafuta ya tumbo peke yake. 1971 walipima wacheza tenisi, wale mkono mmoja umefanya kazi miaka na miaka na mwingine umekaa tu. Misuli ilitofautiana, mafuta chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Mwili unatoa mafuta unapotaka wenyewe, ukipiga sit up 300 unapata misuli imara chini ya mafuta yaleyale. Kwa hiyo "dakika 7 tumbo bapa" pita nayo mbali.

Mlinzi_Kyeyo

Niko Dubai, nafanya usafi kwenye jimu, naomba niwape ya ndani.

Wanakuja hapa kupiga picha, wengine ni wa kwetu kabisa wako holidei. Ya kwanza anakula ameshiba, kanywa maji chupa nzima, anasukuma tumbo mbele, anaangusha mabega, anasimama pale taa nyeupe inapiga usoni moja kwa moja, kanuna kama kafiwa. Hiyo ni "kabla". Alafu anapiga chuma damu inajaa kwenye misuli, ananyoa kifua bafuni (nywele napanguza mimi), anapaka mafuta, anahamia kona ya pili ambako taa inatoka juu inachora kila mstari, anakaza, anacheka. Hiyo ni "baada ya wiki 12". Na mimi hata sakafu nilikuwa sijamaliza kudeki.

Stage_Wandegeya

🤣🤣🤣 wiki 12 kabla sakafu haijakauka

Afande_Mstaafu

Vijana mnapoteza muda. Sisi jeshini hatukuwa na programu wala kopo la unga wa protini. Alfajiri mnaamshwa, mnakimbia na wimbo, milima, bunduki juu, mnarudi uji na maharage. Sijaona askari wa enzi zetu mwenye kitambi. Hata 2020 wakati wa kufungiwa mzee mwenyewe Museveni alikimbia pekupeku ofisini kwake na kupiga pushapu mbele ya kamera, umri ule, na hakumwambia mtu atume mobile money. Kimbieni, pigeni pushapu, kuleni maharage, basi.

Chuma_Katwe

Afande heshima yako na maharage nakuunga mkono kwa mikono miwili. Ila niruhusu mzee wangu. Wale waliovunjika kifundo cha mguu wiki ya kwanza, waliorudishwa nyumbani, ulikimbia nao mpaka mwisho? Unawakumbuka waliobaki. Hiyo ndiyo picha sita ya guru, ila yenu ina magwanda. Mafunzo ya jeshi yanachuja watu, yanatafuta nani atabaki. Mtu wa miaka 45 mwenye presha na magoti mabovu hatafuti kuchujwa, anatafuta kupona.

Afande_Mstaafu

Hapo sikupingi kijana. Wapo tuliowaacha. Lakini unga bado nakataa.

Sebei_Damu

Mimi wa Kapchorwa, naona kuna mtu anauza "kimbia kama Cheptegei, wiki 6" na kabandika picha ya Joshua Cheptegei, mkimbiaji wetu, bila aibu. Ndugu zangu. Joshua kazaliwa na kulelewa kwenye mwinuko, katembea milima hii tangu mtoto, ana kochi wake Mholanzi Addy Ruiter, ana miaka na miaka ya kazi nyuma yake. Rekodi ya mita 10,000 ya 2020, dakika 26:11.00, haikutoka kwenye faili la wiki 6.

Na kitu ambacho magurus hawatakuonyesha kamwe. Mnakumbuka Kololo Machi 2017, mbio za nyika za dunia ziko nyumbani, uwanja umejaa, Joshua anaongoza, mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea mbele ya nchi nzima akamaliza wa 30. Wa 30! Watu walilia pale. 2019 akaenda Aarhus akachukua dhahabu ya mbio zilezile. Mchezaji wa kweli siku yake mbaya unaiona kwenye televisheni na muda umeandikwa. Sasa niambieni, guru gani umeshawahi kuona siku yake mbaya? Kila siku ana nguvu, kila siku anacheka.

Chuma_Katwe

Sebei umemaliza kazi. Mabondia wetu nao ni hivyohivyo, Ayub Kalule na John Mugabi walikuwa mabingwa wa dunia na walipigwa pia na kila mtu anajua na nani na raundi gani. Rekodi iko wazi. Guru hana rekodi, ana ukurasa, na komenti mbaya anafuta.

Kochi_Ntinda

Nimesoma kimya kimya sasa niseme maana mnatuchoma wote. Mimi ni kochi, nina wateja wa ana kwa ana na wa onlaini. Kwanza mnasema habari ni bure. Ndiyo, ni bure, na watu bado hawafanyi. Mteja halipii siri, analipia mtu wa kumuuliza "jana mbona hukuja". Mimi kila Jumamosi nampigia kila mmoja video, naangalia goti linaenda wapi akichuchumaa, nambadilishia. Mmoja ana mtoto mdogo nikampa dakika 20 tu. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Pili, watu wenyewe wanataka uongo. Nikiandika "utapungua nusu kilo kwa wiki ukivumilia" napata laiki 11. Jirani yangu akiandika "kilo 10 mwezi mmoja" inboksi yake inajaa. Mniambie nani kamharibu nani.

Chuma_Katwe

Kochi, wewe unayemwona mteja goti lake sio ninayemsema, na wala sikatai ulipwe, mimi mwenyewe wananilipa 3,000 kuingia. Ninayemsema ni wa faili moja kwa watu wote. Kuna kesi ya Texas, mwanadada mmoja maarufu Brittany Dawn Davis, aliuza mipango ya mazoezi na chakula ya kama dola 92 mpaka 300, ati kila mtu ameandikiwa yake na atafuatiliwa. Wateja walipokutana na kulinganisha wakakuta wamepata kilekile, na ufuatiliaji ni ujumbe wa "unaweza dada". Wengine walikuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula na walimwambia. Mwanasheria mkuu wa Texas akamshtaki 2022, mwaka uliofuata yakaisha kwa malipo ya dola 400,000. Huko kuna mtu wa kushtaki. Hapa ukitapeliwa 120,000 utaenda polisi kuripoti pushapu?

Hilo la watu kutaka uongo nakubali na linanisumbua hata mimi. Wanaondoka kwangu kwa sababu nawaambia mwaka.

Mwanafunzi_MUK

Habari zenu wakubwa. Mimi ndio niko mwaka wa pili Makerere, nina kilo 58 nataka kujaa, na kusema ukweli nilikuwa nimeshaandaa 150,000 ya programu ya wiki 8, kochi ana wafuasi wengi sana, anasema bila unga wa protini na BCAA nisijisumbue kuanza. Sasa nimesoma hapa nimebaki njia panda. Nifanye nini?

Chuma_Katwe

Weka hela mfukoni kwanza.

Unga wa protini sio sumu, ni chakula tu kimekaushwa, kipimo kimoja kina gramu 24 hivi. Yai moja lina kama 6. Kwa hiyo mayai manne ndiyo kipimo kimoja na huhitaji kopo lenye picha ya radi. Tafiti zikijumlishwa zinasema ukinyanyua chuma protini ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili inatosha, zaidi ya hapo faida haionekani. Kilo 58 ni gramu 93 kwa siku. Maharage ya mesi, mayai, mukene (mukene usiudharau, ni dagaa wetu, umekaushwa una protini nyingi na mifupa yake ina kalisiamu), karanga, maziwa. Kikomando chako ongeza mayai mawili juu. BCAA achana nayo, ni vipande vya protini ambavyo uko navyo tayari kwenye yai. Kriatini ndiyo pekee kwenye rafu ile inayofanya kazi kweli, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, lakini hata hiyo sio ya kuanzia, na kilo ya kwanza itakayoongezeka ni maji.

Mazoezi siku tatu kwa wiki. Kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta. Ukiweza kwa urahisi ongeza kidogo. Andika kwenye daftari ulibeba nini. Lala, najua Makerere usiku hamlali. Hakuna ukurasa wa tisa wenye siri. Mtu mpya anajaa haraka miezi ya mwanzo kwa karibu programu yoyote, na hapo ndipo guru anapochukua sifa.

Nesi_wa_Zamu

Na kopo lolote utakalonunua angalia tarehe na muulize muuzaji limepitia wapi. Kikiwa na maneno "dawa ya" chochote, NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, lazima wawe wanakijua. Ukiona lebo imebandikwa juu ya lebo, rudisha.

Kochi_Ntinda

Kijana kabla hujamlipa huyo mtu muulize maswali mawili tu kwa heshima. Watu wangapi walianza hii programu na wangapi waliimaliza. Na ukiumia bega wiki ya tatu anakubadilishia nini. Kochi anayefanya kazi atakujibu hata kama jibu sio zuri. Mimi kwangu kama nusu wanaacha, nasema wazi.

Mwanafunzi_MUK

Sawa wakubwa, namwandikia sasa hivi narudi.

Afande_Mstaafu

Na mimi jioni hii nitahesabu mayai. Gramu 6 kumbe.

Mwanafunzi_MUK

Amejibu. Kuhusu walioanza na waliomaliza hakusema. Kuhusu bega kasema "akili ikiwa imara bega haliumi". Alafu akaniambia kwa kuwa mimi ni mteja seriasi ananipunguzia kutoka 150,000 hadi 60,000 ila nilipe kabla ya saa sita usiku.

Stage_Wandegeya

Usilipe, ngoja kesho asubuhi ifike 20,000 nitaichukua mimi nimpe mke wangu aone picha.

Chuma_Katwe

Kijana, Jumamosi saa kumi njoo Katwe, 3,000 ya kuingia, daftari utanunua mwenyewe. Stage na wewe njoo, boda iache nje.